Kujitengenezea pedali ya gitaa nyumbani: toka bredibodi mpaka kwenye boksi

Pedali yangu ya kwanza (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa la umeme) ilifanya kazi vizuri kwa kama dakika tano hivi. Sauti inatoka, taa inawaka, nikaona si ndo hii sasa, nikafunga mfuniko na skrubu zake nne, nikachomeka tena, kimya. Nikafungua mfuniko sauti ikarudi. Nikafunga, kimya. Wikendi nzima nimekaa nayo hivo, nimebadilisha transista, nimebadilisha kapasita, nimechomelea upya kila mguu, kumbe kile kimguu cha soketi ya kutokea kinachobeba sauti kilikua kinagusa mfuniko wa alumini kila nikiufunga, na sauti yote inamwagika kwenye athi (upande wa hasi). Kipande cha tepu ya umeme kama ukucha wa kidole gumba kikamaliza kesi.

Naanza na hiyo mana ndo namna pedali nyingi za nyumbani zinavyokufa. Watu wanaogopa sakiti, wanaangalia mchoro wanaona kama maandishi ya kimizimu, wakati sakiti ya pedali rahisi ina vipande kama kumi hivi tu na vinasameheana sana. Kinachoua ni nyaya, soketi na swichi. Kwaio humu kila hatua tunapima kwanza ndo tunaenda inayofuata, na ukiona naisisitiza hiyo mpaka nakera, vumilia tu.

Tunatengeneza nini

Busta ya transista moja. Ni sakiti ya ukoo ule ule wa LPB-1, moja ya pedali za mwanzo za kampuni ya Electro-Harmonix, mwishoni mwa miaka ya 1960: inachukua sauti ya gitaa inaikuza kama mara 20, basi. Ukiweka mbele ya ampu ya lampu (kikuza sauti cha valvu za kioo) inaisukuma mpaka ampu yenyewe inaanza kukwaruza, na ukiweka mbele ya pedali ya distoshen (ile ya kukwaruza sauti) solo inajitokeza juu ya bendi.

Najua wengi mnataka distoshen moja kwa moja. Subiri, busta hii hii ukiiongezea dayodi mbili za bei ya pipi inageuka distoshen, tutafika huko mwishoni. Uzuri wa kuanza hivi ni kwamba kama kitu hakiendi unajua ni wapi, mana kuna transista moja tu ya kulaumu.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Vya kazi: chuma cha kulehemu cha wati 25 mpaka 40 (chenye kurekebisha joto ni bora zaidi, weka kama nyuzi 350 za selsiasi hivi), risasi nyembamba ya milimita 0.7 au 0.8 yenye dawa ndani yake, multimita yoyote hata ile ya bei ya chini kabisa bora tu iwe na mlio wa kupima mwendelezo (inalia ncha zake mbili zikigusa vitu vilivyoungana), kikata waya, koleo dogo, bisibisi, na drili. Usitumie risasi na dawa za mafundi wa mabomba, dawa yake ni ya asidi na itakula bodi yako taratibu.

Risasi ya kawaida ina madini ya risasi kweli, kwaio nawa mikono ukimaliza na usile huku unachomelea. Ule moshi unatoka kwenye dawa, sio kwenye madini, lakini bado unakera mapafu, fungua dirisha.

Vya sakiti:

- transista 1 ya NPN: 2N5088 ndo naipenda, 2N3904 au BC549 pia zinafaa
- rezista: 470k, 47k, 10k, 390, 1M na 4.7k, moja moja
- kapasita 2 za 100nF, zile za plastiki
- kapasita 1 ya 100µF ya volti 16 au 25
- dayodi 1 ya 1N5817
- poti (ile ya kuzungusha, ndo volyumu) ya 100k, ya aina A (alama A100K)
- taa ya LED ya milimita 3 au 5
- soketi 2 za gitaa, moja ya stirio na moja ya mono
- soketi ya umeme ya 2.1mm, ya plastiki
- swichi ya kukanyaga yenye miguu tisa, inaitwa 3PDT
- kishikio cha betri ya volti 9
- boksi la alumini, saizi 125B. Ile 1590B ni ndogo kidogo, inawezekana ila mara ya kwanza utatukana

Hapo kwenye soketi ya umeme nimeandika plastiki kwa sababu. Adapta za pedali karibu zote zina hasi katikati na chanya nje. Ukiweka soketi ya chuma, ule upande wa nje wenye chanya utakua umegusana na boksi, na boksi ni athi, kwaio umepiga shoti kabla hata hujapiga nota. Pia usichomeke adapta yoyote uliyoikuta kwenye droo, angalia mchoro wake mdogo pale kwenye lebo: hasi katikati, volti 9 DC. Nyingine ni za ruta na zina volti 12 na chanya katikati. Mimi hatua za kupima zote natumia betri, hata ukikosea haiwezi kufanya fujo kubwa.

Kuzitambua rezista na wenzake

Kuna ile habari ya rangi: kahawia nyeusi chungwa ni 10k, njano zambarau njano ni 470k na kadhalika. Ni nzuri kuijua, ila zile rezista za bluu zina mistari mitano na rangi zake chini ya taa ya njano kahawia na nyekundu zinafanana kama mapacha. Pima kila moja na multimita kabla ya kuiweka. Sekunde tano.

Kapasita ndogo zimeandikwa namba tatu: 104 ni 100nF, 103 ni 10nF. Ile kubwa ya 100µF ina upande, mstari wa rangi ubavuni unaonyesha mguu wa hasi, na mguu mrefu ni chanya. Ukiigeuza inaweza kuvimba hata kupasuka. Dayodi ina mstari upande mmoja, huo mstari ni upande ambao umeme unatokea.

Transista ndo mtego. Ishike upande wa bapa ukikuangalia, miguu chini. 2N5088 na 2N3904 toka kushoto ni emita, besi, kolekta. BC549 na ndugu zake BC547 ni kinyume chake, kolekta, besi, emita. Zinafanana sura kabisa. Na transista ukiigeuza haifi palepale, mara nyingi inatoa sauti kidogo kinyonge, na hapo ndo inakupotezea siku nzima mana unafikiri shida ni kitu kingine.

Hatua ya kwanza: bredibodi

Usiguse chuma cha kulehemu bado. Bredibodi ni ile bodi nyeupe ya matundu ambayo unachomeka tu vipande bila kuchomelea. Reli moja ya pembeni iite chanya, nyingine athi, alafu:

1. Chanya ya betri iingie kwenye dayodi 1N5817, upande wenye mstari uende kwenye reli ya chanya. Hasi ya betri moja kwa moja kwenye athi.
2. Kapasita ya 100µF toka reli ya chanya kwenda athi, mguu wa mstari kwenye athi.
3. Rezista 470k toka chanya kwenda besi ya transista. Rezista 47k toka besi kwenda athi.
4. Rezista 10k toka chanya kwenda kolekta.
5. Rezista 390 toka emita kwenda athi.
6. Kapasita 100nF moja kwenye besi, upande wake wa pili ndo mlango wa gitaa. Hapo mlangoni weka pia 1M kwenda athi.
7. Kapasita 100nF ya pili kwenye kolekta, upande wake wa pili kwenye mguu wa 3 wa poti. Mguu wa 1 kwenye athi. Mguu wa 2, wa katikati, ndo sauti inatokea.

Miguu ya poti inahesabiwa ukiwa umeangalia ile fimbo ya kuzungusha, miguu ikiwa chini: 1 kushoto, 3 kulia. Ukihesabu kwa nyuma volyumu itafanya kazi kinyumenyume, sio msiba lakini inachekesha jukwaani.

Hapo kinachofanyika ni hivi, na nakuomba usiruke hii aya mana ndo itakuokoa baadae. 470k na 47k zinagawana volti 9 ili besi ikae karibu na volti 0.8, yaani transista imefunguka kidogo tu, kama bomba lililoachwa robo. Gitaa linapoleta mawimbi yake madogo linaisukuma besi juu chini kidogo, na transista inajibu kwa kuvuta umeme mwingi au mchache kupitia 10k, kwaio kolekta inapanda na kushuka kwa nguvu zaidi. Ukubwa wa kukuza unatoka karibu na 10k gawanya kwa 390, toa hasara kidogo, ndo tunapata ile kama mara 20. Kapasita mbili za 100nF kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia ile volti iliyosimama isitoroke kwenda kwenye gitaa au ampu.

Sasa chomeka betri, *bila gitaa*, weka multimita kwenye volti DC, waya mweusi kwenye athi, na upime sehemu nne:

- reli ya chanya: karibu 8.7 mpaka 9 kama betri ni mpya
- besi: kama 0.7 mpaka 0.8
- emita: 0.1 mpaka 0.2
- kolekta: popote kati ya 4 na 6.5

Kolekta ikisoma 9 kamili transista haivuti kitu, aidha umeigeuza au 470k haijagusa besi. Kolekta ikisoma chini ya 1 imefunguka mazima, kuna uwezekano 47k haijafika athi. Namba zikikaa vizuri andika kwenye karatasi, utazihitaji tena. Mimi nimeacha kabisa kupiga gitaa kabla ya kupima hizi namba nne, mana ukipiga kwanza ukakosa sauti unaanza kubahatisha, ila ukipima sakiti yenyewe inakwambia inaumwa wapi.

Namba zikiwa sawa, unganisha soketi mbili kwa nyaya fupi, volyumu ya ampu chini, na upige. Inatakiwa ukifungua poti sauti ikuzidi. Ukisikia mvumo kidogo usishtuke, bredibodi iko wazi inadaka kila kitu chumbani, na ukikaribisha simu itaimba.

Hatua ya pili: kuchomelea

Tafuta bodi ya matundu ambayo njia zake zimepangwa kama bredibodi, alafu hamisha kipande kimoja kimoja ukiwa umeacha mwenzake kwenye bredibodi ukiangalizia (kama una seti mbili), au piga picha. Kwa mtu wa kwanza hii ni salama kuliko verobodi yenye mistari mirefu ambayo lazima uikate kwa ncha ya drili, mana kukata nusu ya mstari na kufikiri umekata wote ni ugonjwa wa kila mtu.

Anza na vifupi: rezista na dayodi, kisha kapasita ndogo, transista, ile kubwa mwisho. Kuchomelea kwenyewe ni mkono, sio nguvu. Futa ncha ya chuma kwenye sponji yenye maji, iguse risasi kidogo ing'ae, alafu iweke igusane na mguu wa kipande na duara la shaba kwa pamoja, hesabu moja, mbili, sasa leta risasi iguse pale kwenye maungio sio kwenye ncha ya chuma. Itayeyuka na kukimbilia yenyewe kuzunguka mguu. Toa risasi kwanza, alafu chuma. Yote isizidi sekunde nne. Usipulize, usitikise, iache igande.

Ikikaa sawa inafanana na kichuguu kidogo, pana chini, nyembamba juu, inang'aa. Ikikaa kama shanga imekalia tu juu ya bodi, hiyo haijashika, ni baridi, na itakusumbua miezi mitatu baadae kwenye shoo badala ya leo mezani. Irudie na chuma na risasi kidogo sana. Nimeshaona watu wanabeba risasi kwenye ncha ya chuma kama rangi kwenye brashi wanapaka, dawa inakua imeshaungua njiani na ndo shanga zinatokea hapo.

Ukimaliza kata miguu, angalia na taa ya simu kama kuna risasi imevuka kati ya njia mbili, chora katikati na ncha ya kisu kama una wasiwasi. Weka multimita kwenye mlio, pima kati ya chanya na athi: isilie. Chomeka betri na upime zile namba nne tena. Zikifanana na za bredibodi, bodi imeisha na usiirudie tena. Kuanzia hapa kosa lolote litakua la nyaya.

Hatua ya tatu: boksi

Panga vitu vyote juu ya boksi kwanza kabla ya kutoboa, na ukumbuke vina miili ndani: poti ina tumbo, soketi zina miguu inayochomoza (ndo zilizonipiga mimi), betri inakula nusu ya nafasi. Nikiri tu siku hizi siweki betri kwenye pedali zangu, adapta basi, nafasi inabaki na maisha yanakua rahisi, ila kwa huyu wa kwanza betri ni nzuri kwa kupimia.

Bandika karatasi ya tepu, chora alama, piga kila alama kwa msumari na nyundo upate kishimo ili drili isiteleze. Anza na ncha ya milimita 3, alafu panua. Soketi za gitaa karibu milimita 10, poti 7, swichi ya kukanyaga 12, ya umeme mara nyingi 12 lakini pima yako, LED inategemea kishikilio chake. Ile ncha ya drili yenye ngazi ndo inatoboa alumini vizuri kuliko zote. Funga boksi kwenye jiliwa au libane kwa nguvu kwenye ubao, usilishike kwa mkono, ncha ikikamata inalizungusha boksi lote na kona zake zinakata. Miwani pia vaa, vumbi la alumini sio la kuchezea.

Lainisha kingo kwa tupa. Rangi, stika, michoro, hayo ni yako, mimi ya kwanza niliandika na maka peni na bado ipo.

Hatua ya nne: nyaya

Hapa nenda taratibu.

Soketi ya kuingilia ni ile ya stirio. Ina miguu mitatu: ncha, pete na mwili. Ncha ni sauti, mwili ni athi, na kwenye pete unafunga waya mweusi wa betri. Ujanja wake ni kwamba kebo ya gitaa ni ya mono, ukiichomeka inaunganisha pete na mwili na betri inawaka, ukichomoa inazima. Ndo maana ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha betri inaendelea kuliwa. Na kwa taarifa tu, kwenye pedali hii LED inakula umeme mara nne hivi kuliko sakiti yote.

Swichi ya miguu tisa iweke ili vile vibapa vya miguu vimelala, alafu ihesabu kama simu ya vitufe: juu 1 2 3, katikati 4 5 6, chini 7 8 9. Kabla ya kuamini, weka multimita kwenye mlio: 4 inatakiwa ilie na 1 au na 7 kutegemea umekanyaga vipi, 5 na 2 au 8, 6 na 3 au 9. Ikiwa 4 inalia na 5 umeiweka ubavu, izungushe robo.

- 4: ncha ya soketi ya kuingilia
- 6: ncha ya soketi ya kutokea
- 1 na 3: ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa waya mfupi
- 7: mlango wa kuingia kwenye bodi
- 9: mguu wa 2 wa poti
- 5: athi
- 8: mguu mfupi wa LED
- 2: iache

Mguu mrefu wa LED unaenda kwenye rezista 4.7k, na rezista inaenda kwenye reli ya chanya. Miili ya soketi zote mbili, mguu 1 wa poti, athi ya bodi na hasi ya soketi ya umeme, vyote viwe kitu kimoja. Waya mwekundu wa betri unaenda kwenye chanya ya soketi ya umeme, kwenye ule mguu unaojitenga ukichomeka adapta, ili adapta isije ikaichaji betri. Utaujua kwa multimita, unalia na mguu mwingine wa chanya bila plagi na unanyamaza ukiingiza plagi. Huo mguu mwingine wa chanya ndo unaenda kwenye dayodi ya bodi.

Tumia rangi. Nyekundu chanya, nyeusi athi, njano au nyeupe sauti. Nyaya ziwe fupi ila sio za kuvutana, na ukichomelea swichi fanya haraka, plastiki yake ya ndani inayeyuka na swichi inaganda.

Sasa jaribio la kwanza ni bila umeme kabisa. Chomoa betri, chomeka gitaa na ampu, kanyaga mpaka iwe imezimwa. Sauti ya gitaa inatakiwa ipite safi kama kebo tu. Isipopita usiangalie bodi hata kidogo, shida iko kati ya 4, 1, 3, 6 na soketi, hakuna mahali pengine. Ikipita, weka betri, kanyaga, taa iwake, sauti ikue. Alafu ndo ufunge mfuniko, na ukishafunga jaribu tena. Unajua kwa nini.

Ikigoma

Usichomoe vipande ovyo. Tengeneza kichunguzi cha sauti: chukua plagi ya gitaa yenye waya mrefu, kwenye waya wa ncha chomelea kapasita ya 100nF, mguu wake wa pili ulio wazi ndo kidole chako, waya wa mwili ufunge kwenye athi ya pedali. Chomeka kwenye ampu, volyumu chini, mtu apige gitaa au weka muziki wa simu uingie kwenye pedali, na wewe ugusegusee ukifuata njia ya sauti. Mguu 4 wa swichi, sauti iko? Mguu 7, iko? Mlango wa bodi, besi, kolekta (hapa iwe imekua kubwa waziwazi), baada ya kapasita ya pili, mguu 3 wa poti, mguu 2, mguu 9, mguu 6, soketi. Mahali sauti ilipokuwepo na ilipopotea, katikati yao ndo kosa lako lilipo. Hiki kidude kimenisaidia kuliko vitabu vyote, na kinafanya kazi kwa pedali yoyote ile hata ya dukani. Ila usije ukakiingiza ndani ya ampu ya lampu, mle kuna mamia ya volti na zinabaki kwenye kapasita hata ukiwa umechomoa ukutani.

Taa inawaka sauti hakuna: angalia miguu ya soketi kama imebadilishana ncha na mwili. Sauti ipo taa haiwaki: LED imegeuzwa. Inakwaruza poti ikizungushwa: kapasita ya kutokea imewekwa mbovu, volti inavuja kuingia kwenye poti. Unasikia redio: weka kapasita ndogo ya 100pF toka besi kwenda athi. Mvumo mkubwa unaoisha ukigusa boksi kwa mkono: boksi halijashika athi, mara nyingi ni rangi imekaa kati ya soketi na alumini, ikwangue.

Sasa igeuze

Pedali za fuzz, yaani distoshen ya mkwaruzo mkali, zilianza kwa hitilafu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 studio moja kule Nashville chaneli ya meza ya kurekodia ilipata ubovu ikaharibu sauti ya gitaa la besi, fundi mitambo Glenn Snoddy badala ya kuitupa akaitengenezea sakiti, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kama Maestro Fuzz-Tone. Sisi tunaharibu kwa makusudi kwa njia rahisi zaidi.

Chukua dayodi mbili za 1N4148. Zichomelee zote toka mguu wa 3 wa poti kwenda athi, moja mstari ukiangalia athi, nyingine mstari ukiangalia poti. Basi. Dayodi ya silikoni inafunguka karibu na volti 0.6, kwaio wimbi lolote linalozidi hapo juu au chini linakatwa kichwa, na hicho kichwa kilichokatwa ndo kukwaruza unakokusikia.

Ukitaka ladha nyingine badilisha dayodi. LED mbili nyekundu zinafunguka karibu na 1.7, kwaio sauti inabaki kubwa, wazi, inakwaruza ukipiga kwa nguvu tu (na zinamulika kidogo ndani ya boksi, raha ya bure). Jemaniamu kama 1N34A inakata mapema karibu na 0.3, laini lakini volyumu inashuka. Weka mbili zikifuatana upande mmoja na moja upande wa pili, wimbi linakatwa pasipo usawa, mimi ndo nimeishia hapo kwenye yangu.

Ukiona haikwaruzi vya kutosha, fuatanisha kapasita ya 10µF na poti ya 1k, uziweke sambamba na ile rezista ya 390, chanya ya kapasita upande wa emita. Hiyo inaongeza ukuzaji bila kugusa zile namba nne za DC, na poti inakua ndo kitufe chako cha geini. Na kapasita ya kuingilia ukiibadilisha toka 100nF kwenda 10nF sauti nzito inakatwa toka kama 460Hz kushuka chini, sauti inakua kali inatoboa. Hizi zote zijaribu kwenye bredibodi kwanza, na kama sakiti yako ya kwanza bado ipo pale usiwe na haraka ya kuivunja.

Kasoro moja ya sakiti hii niiseme: ukinzani wa mlango wake kwa gitaa ni kama 35k tu wakati pedali nyingi za kisasa zina 500k kwenda juu, kwaio inalikalia gitaa na inalipunguzia ukali kidogo. Wengine wanaupenda huo uzito. Usipoupenda weka mbele yake pedali yoyote yenye bafa (sakiti inayolikinga gitaa lisikaliwe hivo).